Kifungue kwanza, ndipo utoe pesa

Mwaka juzi nilitoa shilingi 80,000 kununua kisu chekundu cha kukunja katika duka moja la vitu vya kale humu Mji Mkongwe. Mwenye duka aliapa wallahi ni cha Uswisi, kimeachwa na mtalii. Jioni nikakaa barazani, nikakifungua nimenye chungwa. Chungwa lilipokwisha, ule msalaba mweupe wa nembo mpinini ulikuwa umehamia kwenye kidole changu gumba.

Kilichoniuma si pesa peke yake. Nyumbani ninacho cha kweli, cha kampuni ya Uswisi ya Victorinox, alichoniachia ami yangu aliyekuwa baharia, na siku ile nilikisahau kabatini. Tangu hapo nimeshika visu vingi, nikaona kuwa mwenye kuiga hujitahidi usoni, kwenye rangi, nembo na kiboksi, kisha hubania kule kwenye maungio na springi ambako mnunuzi hachunguzi. Basi anzia huko.

Chukua hiki cha ami. Ukilivuta bapa kwa ukucha linakuja zito, halikimbii, mpaka likikaribia mwisho linaruka lenyewe: ta! Ukilifunga, linamezwa kwa ta! nyingine. Kiinue dirishani ukitazame mgongoni: springi na bati za pembeni zimelalana, hapapenyi mwanga. Litikise bapa huku na huku, halichezi. Kile changu cha chungwa kilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na baina ya bati zake ungepitisha karatasi ya daftari.

Msalaba, pamoja na yaliyonipata, usiuamini peke yake. Kwenye Victorinox nyingi ni kipande cha madini kilichopachikwa mpinini, lakini wenyewe wanavyo vya bei nafuu ambavyo nembo imepigwa chapa tu, na ni halali kabisa. Soma maandishi yaliyo shinani mwa bapa, karibu na ribiti. Yawe madogo, yamenyooka, kingo zake safi.

Tena jua historia kidogo. Niliwahi kuonyeshwa kisu kimeandikwa Victorinox, muuzaji anasema ni cha zama za Sayyid Hamoud, Sultani wa Zanzibar aliyefariki 1902. Haiwezekani, yakhe! Karl Elsener, mwasisi wa kampuni hiyo, alianza kazi Ibach, Uswisi, mwaka 1884, jina la mama yake, Victoria, akaliweka 1909, na “inox”, yaani chuma kisichoshika kutu, ikaunganishwa mwaka 1921. Kabla ya hapo jina hilo halikuwepo. Mwaka uliochapwa nao usikubabaishe: reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha, zilizopigwa baada ya kifo chake zina 1780, hata za karne ya 20.

Okapi, aina nyingine ya kisu cha kukunja, ndiyo inayonitesa zaidi, maana wazee wetu wengi waliijua. Ilianza 1902 huko Solingen, Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika; baadaye utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Cha Afrika Kusini si feki, ila usikilipie bei ya Mjerumani. Miezi na nyota za mpinini ziguse: ziwe madini yaliyopachikwa, si rangi. Bapa lake ni chuma kinachoshika kutu, na kwa hewa yetu hii ya bahari, Okapi “ya babu” inayong'ara kama sinia ya harusi hunitia shaka. Ama imesuguliwa mno, ama babu mwenyewe hajazaliwa. Kutu nayo hupikwa, kwa ndimu na chumvi. Ifute kwa kitambaa cheupe: ya juzi ni ya rangi ya chungwa na inatoka, ya zamani imekuwa nyeusi, imekula chuma vishimoshimo. Tazama pia kama mpini umelika pale mkono unaposhika. Bapa likiwa zee na mpini mpya, uliza.

Siku hizi nikienda kununua, kisu cha ami hukiweka juu ya meza kando ya kinachouzwa, navifungua vyote viwili, nasikiliza. Muuzaji mkweli hachukii, pengine hata huagiza gahawa. Akianza kunihimiza kuwa kuna Mtaliano anakuja kukichukua baada ya sala ya alasiri, namwambia mpe Mtaliano.

Kile cha 80,000 kingalipo. Mke wangu hufungulia mifuko ya mchele. Msalaba ulishafutika wote, na juzi springi nayo imekatika.