Nilivyokwenda pwani baada ya eda

Mleta mada, umesema baba yako alifariki mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo unaswali lakini husikii kitu moyoni. Mtu kakushauri utoke Dodoma ukakae baharini wiki mbili, nawe unauliza kama ni kweli bahari inarudisha roho ya mtu au ni maneno ya watalii. Hali uliyoieleza naijua, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta mimi.

Mume wangu alifariki mwaka 2019. Nilikaa eda nyumbani kwetu Morogoro, miezi minne na siku kumi. Wakati wa msiba kulikuwa na khitma, kulikuwa na wageni, kulikuwa na wa kunishika mkono. Eda ilipokwisha kila mtu alirudi kwake, na hapo ndipo ukavu ulipoanza. Nasimama kwenye mswala, nasoma Alhamdu mpaka mwisho, nikirukuu nimeshasahau niko rakaa ya ngapi. Hasira na Mungu sikuwa nayo. Ingekuwapo ingekuwa afadhali, maana mwenye hasira bado anazungumza.

Shangazi yake marehemu anaishi Jambiani, mashariki ya Unguja. Akanipigia simu: "Njoo huku, mwanangu. Usije kupumzika. Njoo unisaidie mwani," yale majani ya baharini yanayolimwa. Nikafika Oktoba, wakati wa maleleji, upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi haujashika.

Wengi wakisifu bahari husimulia jua linavyozama. Jambiani inatazama mashariki. Jua linazama nyuma ya minazi, majini huoni kitu. Kilichonishika mimi ni maji kupwa. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, na mchanga hubaki wazi mbali sana, kuelekea kwenye mwamba ambako mawimbi makubwa huvunjikia. Saa 4 asubuhi unawaona wanawake wanatembea pale ambapo jana alasiri ngalawa zilikuwa zinaelea. Ndipo nilipolisikia vizuri neno nililolitamka maisha yangu yote. Pwani ni mahali panapopwa. Wahenga walipapa jina kwa yale maji yanayoondoka.

Kilimo cha mwani kilianza katika vijiji vile mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Unapigilia vijiti mchangani, unakaza kamba kati yake, unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki kama sita unavuna. Kazi ni ya siku za bamvu. Yakiingia maji mafu, bahari haipwi vya kutosha, unabaki na kazi za nyumbani. Shangazi alinipa kamba, akanionyesha fundo mara moja. Msiba hakuutaja. Nikafunga, likafunguka, nikafunga tena. Maji yalipoanza kurudi nilikuwa nimebakisha vipande kama kumi kwenye mstari wangu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa na kitu ninachotaka kukimaliza. Nikamwambia, "Shangazi, bado kidogo."

"Maji hayangoji bado kidogo. Twende."

Tukatoka.

Nimeifikiria sana siku ile. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa takriban dakika 50, kwa kuwa yanafuata mwezi. Swala zetu zinafuata jua. Kwa wiki tatu niliishi kwa saa za jua na saa za mwezi, na hakuna iliyoniuliza nimeamkaje. Morogoro kila kitu kilikuwa kinanisubiri: nitakula saa ngapi, nitarudi kazini lini, najisikiaje leo. Walikuwa wananipenda, lakini kusubiriwa kule kulinichosha kuliko kilio. Kule Jambiani nilikuwa mtu mdogo tu mbele ya jambo kubwa, na udogo ule ulikuwa rehema kwangu.

Katika bamvu la pili, adhuhuri ilitukuta tunatoka na magunia. Nikaanza kutafuta dumu letu la maji baridi, yasiyo ya chumvi. Shangazi akasema, "Tawadha hapo hapo ulipo." Nikasita, chumvi yote ile! Akanikumbusha kwamba Mtume (SAW) aliulizwa na watu wa safari za majini kuhusu maji ya bahari, akajibu kuwa maji yake ni twahara na maiti wake, yaani viumbe wake waliokufa, ni halali. Hadithi hiyo nilikaririshwa chuoni nikiwa mtoto, kama hukumu ya udhu tu. Sasa nikainama. Kamba zilikuwa zimenichana vidole, chumvi ikaingia kwenye kila mchano. Tukaswali nyuma ya ngalawa, nguo zimelowa. Kwenye sijda, paji la uso likiwa mchangani, yale maneno ya kumtakasa Mola aliye juu yalinitoka nikiwa naelewa ninachokisema na ninayemwambia. Nililia mpaka nikashindwa kuinuka. Shangazi alimaliza zake, akakaa kando akikamua kanga. Nilipotoa salamu akanyoosha mkono kwenye maji: "Mumeo alikuwa akikoga hapa hapa. Mdogo hivi."

Kuhusu watalii: jambo hili limezitangulia hoteli. Jirani pale Makunduchi, kila Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji, na jina lenyewe linatokana na kukoga. Zamani watu wa mwambao waliingia baharini alfajiri ya siku ya mwaka, wakauacha mwaka wa zamani majini.

Kwa hiyo nenda. Ila wikiendi moja haitoshi. Kaa angalau kutoka bamvu hadi bamvu, ambazo ni kama wiki mbili, na omba kazi. Hata kubeba gunia. Ukikaa kutazama tu, utarudi Dodoma na picha. Vaa viatu vya kuingilia majini, na usitembee kuelekea mwambani bila mwenyeji, kwa sababu maji yakirudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Na kama hulali wala huli, muone daktari kabla ya safari. Mimi nilimuona, na sioni kwamba kulinipunguzia imani.

Mimi narudi bamvu lijalo. Shangazi magoti yanamsumbua siku hizi, haingii tena. Anakaa ufukweni na ushungi wake, na maji yakianza kurudi ananiita kwa sauti nitoke.