Kuhusu vile vidonge vya vitamini E

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uanze kumeza vitamini E, maana baba yako alipata kiharusi na wewe unakaribia miaka 40. Siku tatu nimekaa na swali lako, na kila nikishika kalamu najikuta naandika juu ya kile kichupa kilichokuwa kando ya kitanda chetu.

Mimi ndiye niliyekinunua. Hilo sijawahi kukwambia. Nilisoma gazetini kwamba mafuta mabaya ya damu yakishaoksidika, yaani yakiharibiwa na oksijeni, ndipo yanapojenga utando kwenye kuta za mishipa, na kwamba antioksidanti, yaani vizuia uharibifu huo kama vitamini E, huyazuia. Hoja iliniingia, na hata leo haionekani ya kipuuzi. Basi kila asubuhi nikawa nampa baba yako kidonge, tena kwa furaha. Naye akatulia kupita kiasi. Dawa za presha akawa anameza siku anazokumbuka, kisha akaziacha kabisa. "Si nina vitamini zangu?" aliniambia, nami nikanyamaza. Nilinyamaza, mwanangu. Asubuhi ile kikombe kilipomponyoka na maneno yakaanza kumtoka yamepinda, kichupa kilikuwa kimefika nusu.

Najua presha ndiyo iliyomwangusha. Lakini kisingizio nilimpa mimi.

Tangu hapo nimesoma sana. Ufini waliwajaribu wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Mwaka 1994 ikabainika kwamba waliopewa beta-karotini, antioksidanti nyingine, ile inayoipa karoti rangi yake, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. Uingereza, watu zaidi ya 20,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo na mishipa waligawanywa, nusu wakameza vitamini E, C na beta-karotini kwa miaka 5 na nusu vidonge visivyo na kitu, na matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha kuwa mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Kisha mwaka 2008 yakatoka ya madaktari wanaume 14,641 wa Marekani: vitamini E haikuwakinga moyo, na kiharusi cha kuvuja damu ubongoni kilionekana zaidi kwa walioimeza. Hapo nilirudia kusoma mara nne.

Na bado wanaokula matunda na mboga kwa wingi hupatwa na maradhi haya kwa uchache. Ndiyo maana nimewaimbia tangu mkiwa wadogo: sahani haiingii kwenye kidonge. Tunda lina nyuzinyuzi, lina potasiamu inayosaidia kushusha presha, tena ukishiba tunda hutafuti cha chumvi. Au pengine watu hao ndio wanaotembea zaidi, wasiovuta sigara, wanaowahi kwa daktari? Inawezekana. Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili, sijaishinda. Lakini sahani haiingii kwenye kidonge, hilo siliachi.

Utasema sijakujibu. Wewe ni mtu mzima na una daktari wako, kwa hiyo sisemi usimeze. Ulimi unaniwasha, lakini sisemi. Ila katika ujumbe wote ule mrefu hukutaja presha yako ni ngapi. Baba yako aliposomewa, aliuliza hilo hilo, kwa yale maneno machache aliyobaki nayo. Kapime, kisha ututumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Anasubiri.

Mama yako