Majirani Wahmong hapa St. Paul, Minnesota, Marekani

Pole dada, umesema rumeti wako anawaita majirani Wachina, eti warudi kwao, na ile ngoma ya jumba la misiba inamkera. Kwanza hao ni Wahmong wa milima ya Laos, babu zao walipigana upande wa Marekani vita ya siri ya CIA (majasusi wa Marekani), 1975 mambo yakaharibika wakakimbilia kambi za Thailand ndo wakaletwa huku, sasa warudi wapi jamani? Na hiyo ngoma ni msiba, kwao unaenda hata siku tatu usiku na mchana, kama matanga yetu tu. Mwambie hivyo usoni, usinyamaze. Afu wewe kawasalimie, sema "nyob zoo", yaani hujambo kwa Kihmong, mimi bibi jirani alinijazia pilipili za bustanini kwake kwenye mfuko wa mchele.