Breki zinalia, fundi anataka kupiga msasa tena

SWALI: Fundi, nina Noah ya kupelekea watoto shule hapa Malindi. Breki za mbele zinalia kila nikikaribia tuta. Fundi wa jirani alifungua, akapiga pedi msasa, zikanyamaza siku 3, sasa zimerudi kulia. Ataka mia tano azipige tena, eti pedi bado zipo. Jumamosi twenda Mombasa arusini. Naweza kusubiri? – Mama wa watoto wanne, Barani

JIBU: Dadangu, usisubiri, na hiyo mia tano usiitoe.

Pedi ni vile vipande vinavyobana disiki, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ili gari lisimame. Nyingi zina kibati chembamba kilichowekwa makusudi. Pedi ikiliwa hadi kubaki kama milimita 2 au 3, kibati hugusa disiki kikapiga kelele. Ndiyo kazi yake. Wapo mafundi wanaokikunja ili gari linyamaze, mteja alipe aende zake. Msasa nao hauongezi pedi, waipunguza. Sikatai, pedi nene iliyong'aa juu yaweza kuguswa kidogo. Lakini iliyokwisha?

Na hilo la "bado zipo", aliangalia wapi? Wengi huchungulia upande wa nje tu, pale rimu inaporuhusu. Hapa kwetu chumvi ya bahari hushika pini za kalipa, kile chuma kinachozishika na kuzikaza pedi, kalipa haitelezi juu ya pini, na pedi ya ndani inaliwa peke yake. Nililetewa gari la Sienta hivi: pedi ya nje nene, ya ndani chuma kitupu, na disiki ina mifereji ya kukwama ukucha. Mwenyewe anaapa pedi zilibadilishwa Ramadhani. Kweli zilibadilishwa. Pini ndizo hazikuguswa.

Kwa hiyo mwambie atoe zote nne, uzione mezani. Mpya huwa na kama milimita 10 hadi 12. Ikifika 3, badilisha, kulia na kushoto pamoja, hata kama upande mmoja wapendeza. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki, isiyoyeyuka kwa joto. Disiki ipimwe, kwani unene wa mwisho huwa umepigwa chapa pale pale juu yake. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye hozi, ule mpira unaopitisha mafuta ya breki. Na kabla gari halijasogea, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi ishike. Wengine hukumbuka hilo wakishagonga ukuta wa gereji.

Kikopo cha mafuta ya breki nacho kina wachawi wake. Pedi zikiliwa, pistoni, ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa, hutoka nje, mafuta hushuka kikoponi na taa ya breki yaweza kuwaka kwenye dashibodi. Fundi aongeza, taa yazima, wote mwafurahi. Kumbe ile taa ilikuwa yakwambia habari ya pedi. Halafu pedi mpya zikiingia pistoni zarudishwa, yale mafuta yaliyoongezwa yafurika na kubabua rangi. Hao nina nafuu nao. Wanaonitia hasira ni wanaomimina oili ya injini kwa kuwa "mafuta ni mafuta". Mipira ya ndani huvimba, breki hukwama au kupotea kabisa, na hapo si pedi tena: ni masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), kalipa na hozi zote. Chupa ya mafuta ya breki huandikwa aina yake, mfano DOT 3 au DOT 4. Soma kifuniko cha kikopo chako, nunua hiyo, na ifunguliwe mbele yako.