Viwango vya Mungu vinaishia kanisani? Jibu la mnunuzi wa viazi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ndugu mleta mada anauliza: nikifuata viwango vya Mungu kwenye biashara ya mazao, si nitaifunga biashara yenyewe? Wengi wamemjibu "omba tu, Mungu atafungua njia". Mimi nitajibu kwa yaliyonikuta, maana miaka mingi nimenunua viazi mviringo Njombe na kuvishusha Dar.

Nilikuwa nanunua kwa lumbesa. Kwa asiyeijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu juu panashonewa wavu, panajazwa tena mpaka linatuna kama mtu aliyejitwisha mzigo. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, sote tunajua, na Wakala wa Vipimo hawajachoka kulisema.

Nilikuwa kiongozi wa jumuiya. Fungu la kumi sikuruka hata mwezi mmoja. Siku moja zamu ya neno ikaniangukia, na somo lilikuwa Amosi sura ya 8. Yule mchungaji wa kondoo kutoka Tekoa anawasema wafanyabiashara wanaohesabu saa sabato iishe wakafungue ghala, wapunguze efa, waongeze shekeli, na mizani yao ni ya udanganyifu. Nikafundisha vizuri tu. Nikaeleza efa ni kipimo cha nafaka na shekeli ni uzito wa kupimia fedha ya malipo, nikawakemea wauza duka wanaobonyeza kitako cha sado, lile kopo la kupimia, ili liingize kidogo. Watu wakaitikia amina.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mzee, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimebeba viazi vyake, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, na gunia lako lina kilo ngapi?" Nikamjibu, "Mama, hiyo ndiyo lumbesa ya soko." Akasema haya, akaenda zake.

Sikulala. Asubuhi nikaazima mzani, nikapima gunia moja lililobaki stoo. Kilo 138. Fuso langu lilikuwa likibeba magunia 60. Zidisha 38 kwa 60 upate kilo 2,280: magunia 22 na zaidi ambayo sikuyalipia hata senti, kila safari. Na lile fungu la kumi nililokuwa nikilitoa lilikuwa limo humo humo.

Nikarudi kwenye Kumbukumbu la Torati 25. Pale Mungu anakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Nilikuwa nausoma mstari huo bila kuelewa kwa nini mtu awe na viwili. Sasa nikaelewa: kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Lumbesa shambani, sado iliyobonyezwa sokoni, mnyororo mmoja. Na anayefanya hivyo anaitwa chukizo kwa Bwana, neno lile lile linalotumika sura ya 18 juu ya waaguzi na wapiga ramli. Ndugu yangu, kanisani kwetu mtu akionekana kwa mganga anatengwa. Mwenye lumbesa tunampa kiti cha mbele.

Nikaanza kununua kwa kilo. Wakulima wenyewe walinishuku, wakadhani mzani umechezewa, ikabidi kila mmoja ajipime kwanza yeye mwenyewe juu yake. Dar ndiko kulikouma zaidi: madalali walikataa magunia ya kilo 100 kwa bei ya lumbesa, na safari mbili za mwanzo nilipata hasara hadi nikauza pikipiki. Walioniokoa ni wakaanga chipsi, kwa sababu wao wanataka kujua wamenunua kilo ngapi. Ila nisikudanganye kwamba Mungu alinirudishia maradufu. Mtaji wangu leo ni mdogo kuliko wakati ule, na magari mawili niliyoyatarajia sikuyanunua.

Kuhusu yaliyopita, Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi mara nne sikuiweza, nikarudisha kilichopungua. Nilianza na yule mama. Alizihesabu pesa taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akamtuma mjukuu wake awaite majirani watatu: "Na hawa pia ulibeba vyao." Nilikuwa nimewasahau kabisa. Kuwamaliza wote kulinichukua misimu minne, na wawili walishahama kijiji, bado nawatafuta.

Kwa hiyo, ndugu, swali lako la kufunga biashara nalielewa, nami nililiogopa hivyo hivyo. Lakini umeuliza bila kutuambia gunia lako lina uzito gani. Kapime moja kesho kabla gari halijapakia, halafu rudi hapa utuandikie kilo ulizozikuta.