Bustani ya mita 8 kwa 6: nianze kununua zana gani?

SWALI: Shikamoo, bwana shamba. Nimehamia Kibaha, na nyuma ya nyumba nina eneo la mita 8 kwa 6. Udongo ni kichanga. Nataka kupanda mchicha, sukuma wiki, bamia na nyanya za kula nyumbani. Dukani nimeambiwa ninunue seti ya zana ndogo za rangi, toroli, mkasi wa kupogolea na bomba la kupulizia la mgongoni la lita 16. Maji ya bomba tunayo, ila hukatika mara kwa mara na kurudi kesho yake. Fedha hazitoshi kununua vyote. Nianze na nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na maji. Kulima utalima mara moja msimu unapoanza, na kichanga hakimsumbui mwenye jembe. Kumwagilia ni kazi ya kila siku, na kichanga hakikai na maji. Bustani nyingi za nyumbani nilizoziona zikifa, zilikufa mwezi wa pili, mwenyewe alipochoka kubeba ndoo.

Tupige hesabu. Eneo lako linatoa matuta 6 yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 6, yakiachana kwa njia za sentimita 40. Hiyo ni mita za mraba 36 za mboga. Wakati wa jua kali kila mita ya mraba hutaka kama lita 5 kwa siku, kwa hiyo bustani nzima inakunywa lita 180. Kwa keni ya kumwagilia ya lita 10 ni safari 18, na kila keni ikijaa ina kilo 10 za maji. Utaweza wiki ya kwanza. Ukiwa na mtoto mgongoni au umetoka kazini saa kumi na mbili jioni, hutaweza.

Kwa hiyo nunua pipa la lita 200 lenye mfuniko, uliinue kwa tofali kama mita 1 kutoka ardhini. Msingi uwe imara, maana likijaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi. Lijaze maji yanapotoka, na siku ya mgao bustani inakunywa kama kawaida. Kutoka kwenye pipa laza mipira ya matone, yaani yenye matundu madogo ya kudondosha maji polepole, miwili kwa kila tuta la nyanya, bamia na sukuma wiki, na uweke chujio kabla ya maji kuingia kwenye mipira, la sivyo matundu yataziba. Mchicha usiuwekee matone. Huo husiwa kwa kubanana, nao unataka mvua, yaani keni. Chagua keni ambayo kichwa chake kina matundu madogo na kinachomoka ili ukisafishe. Matundu makubwa hufukua mbegu zote.

Mpira mrefu wa kujazia pipa usiwe mwepesi wala wa kuonyesha ndani. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua wa bei ya chini, ukaota ukijani ndani na kupasuka kwa jua kabla ya miezi 6. Pima kwa kamba kutoka bombani hadi pipani kabla ya kwenda dukani. Mpira huo ukiwa umelala juani mchana, mwaga kwanza maji yaliyomo ndani. Yana moto wa kuunguza miche.

Sasa jembe. Moja linatosha. Angalia jicho linapopokea mpini: liwe nene, lisiwe la bati lililochomelewa. Ligonge kwa jiwe. Lililo zima hulia, lenye ufa husikika kama limebanwa. Mpini uununue peke yake. Wa mpera au mkwaju hudumu, na ukiusimamisha chini ufike karibu na kitovu chako. Mfupi zaidi ya hapo utalipia kwa mgongo. Ongeza tupa ya kunolea. Zana hii watu huisahau, lakini jembe butu katika palizi hukwaruza majani juu na kuacha mizizi.

Reki ya meno 12 hadi 14 ni ya lazima kwa kusawazisha matuta, na kijiko cha kupandikizia miche pia. Ila kijiko hicho usikitoe kwenye ile seti ya rangi. Zile nilizozishika ni bati jembamba. Ukikutana na mzizi linapinda shingoni. Chukua kimoja kizito ambacho chuma chake kinaingia ndani ya mpini.

Toroli liache. Kwa eneo hili samadi utaibeba kwa karai. Mkasi wa kupogolea ni wa mwenye miembe na michungwa. Machipukizi ya nyanya unayatoa kwa vidole yakiwa bado madogo, baada ya kunawa mikono.

Bomba la lita 16 nalikataa kabisa. Hata ukipulizia kwa kiwango kikubwa cha lita 500 kwa hekta, mita zako 36 zinahitaji lita 1.8. Bomba la mkono la lita 2 linakutosha, na hutabaki na dawa iliyokorogwa ukijiuliza uimwage wapi, watoto wanacheza hapo hapo. Liandike kwa rangi isiyofutika kuwa ni la dawa ya wadudu tu. Likiwahi kutiwa kiuagugu hata mara moja, mabaki yake yanaweza kukausha nyanya zako. Glavu za mpira na buti nunua siku hiyo hiyo unayonunua bomba, usingoje mwezi ujao.

Fedha zikikubana, nunua pipa, keni, jembe na reki sasa, kisha panda mchicha kwenye matuta mawili. Kwa kawaida huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4. Mipira ya matone iongeze miche ya nyanya ikiwa bado kitaluni.