Usiweke alama kwenye "Independent" kabla hujasoma hapa (Kentucky)

Kaka, weka kalamu chini kwanza.

Umesema umeapa uraia juzijuzi, uko Louisville, fomu ya kujiandikisha kupiga kura iko mezani, na kwa jinsi vyama vyote viwili vilivyokuchosha unataka kuweka alama kwenye "Independent" ili usihesabiwe upande wowote. Halafu ukauliza mambo manne: chama cha tatu kina faida gani, kuacha nafasi ya seneta tupu ni kosa au la, kura ya posta inakwendaje, na utafanyaje na zamu yako ya bohari siku ya kura. Naanza na lile ambalo hukuliuliza, maana ndilo litakalokugharimu.

Mchujo wa Kentucky, ule uchaguzi ambao kila chama kinapata mgombea wake wa Novemba, umefungwa kwa wasio wa chama hicho. Jumanne ya Mei 19, 2026, karatasi ya wagombea wa Republican anapewa aliyeandikishwa Republican, na ya Democrat anapewa aliyeandikishwa Democrat. Basi. Wewe "Independent" ukifika kituoni, karani anakutafuta kwenye daftari, anasoma neno moja mbele ya jina lako, kisha anakupa karatasi fupi yenye nafasi zisizo na chama, kama zipo eneo lako: majaji, bodi fulani. Louisville angalau mna meya, kwa sababu sheria ya 2024 iliondoa vyama kwenye uchaguzi wa meya na madiwani wa jiji. Seneta humuoni. Mbunge wa Washington humuoni. Hakuna kulalamika, karani anafuata sheria na wala hajakuonea.

Usiniulize nimeyajulia wapi. Tuseme nimesoma sana.

Sasa sikia pale penye mtego wenyewe. Kuna sentensi moja inazunguka kila kundi la WhatsApp la jumuiya zetu, na utaisikia tena kwa yule kijana mwenye ubao na kalamu anayesubiri watu nje ya ukumbi wa kiapo: "Weka chochote, chama unabadilisha wakati wowote." Mimi hiyo sentensi ikipita mbele yangu presha inapanda. Aliyeitunga hajadanganya, na ndiyo maana ni mbaya zaidi. Ni kweli kubadilisha unabadilisha siku yoyote daftari likiwa wazi, na jina la chama kipya linaingia kwenye kompyuta. Asichokuambia ni kwamba kwa mchujo wa Mei, sheria inaangalia ulikuwa chama gani tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukibadilisha Januari 1 au baada ya hapo, Mei hiyo umeshaikosa. Tena hata mtu aliyekuwa Democrat safi akahamia Republican mwezi wa pili anakosa pande zote mbili: kule ametoka, huku hajafika. Watu wanafanya hivyo kila mwaka, wanakuja kituoni wamevaa vizuri, wanarudi nyumbani na karatasi ya majaji kichwani.

Wewe bahati yako ni moja tu. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza kabisa baada ya Desemba 31 habanwi na tarehe hiyo. Anapiga kwenye mchujo wa chama alichokiandika kwenye fomu yake ya kwanza, mradi imefika kabla daftari halijafungwa na mradi hajakigusa tena. Kwa mchujo wa mwaka huu daftari linafungwa Jumatatu, Aprili 20, saa kumi alasiri. Saa kumi, kaka, siyo usiku wa manane. Watu wa mtandaoni mnapenda kusubiri hadi saa sita kasorobo usiku kama mnanunua vocha.

Kwa hiyo hiyo fomu iliyo mezani kwako ina nguvu ambayo hakuna fomu nyingine utakayojaza itakuwa nayo. Ukiweka "Independent" leo na ukajuta kesho, kesho wewe si mpya tena. Unaingia foleni ya Desemba 31 kama sisi wengine. Mchujo wa vyama utakaokufaa ni wa Mei 2027, wa gavana. Na kiti hiki cha seneta unachokililia hakirudi kwa wapiga kura hadi 2032, maana muhula ni miaka sita. Hesabu mwenyewe mtoto wako wa darasa la kwanza atakuwa na umri gani.

Najua utasema: mchujo wa nini, mimi nasubiri Novemba. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Mitch McConnell amekalia kiti hicho tangu 1985 na sasa haombi tena. Kentucky haijamchagua seneta wa Democrat tangu Wendell Ford mwaka 1992. Miujiza hutokea, sikatai, lakini anayetoka na tiketi ya Republican mwezi Mei anaingia Novemba akiwa mbele sana. Wewe umekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, umeona Kigoma na bara zima kwamba kwenye ngome ya chama, kura za maoni zikishapita uchaguzi uliobaki ni wa kutimiza ratiba. Wakenya nao wanajua mchujo wa chama kwenye ngome ya chama. Huku ni vilevile, tofauti ni kwamba huku mchujo unasimamiwa na serikali, kwenye vituo vilevile na mashine zilezile, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia bila kumjua mjumbe yeyote. Ni mlango ulio wazi, na watu waliokasirishwa na vyama ndio wa kwanza kujifungia nje.

Unataka namba? Mei 2015, mchujo wa Republican wa kumpata mgombea ugavana. Watu wanne waligombea, kura zikapigwa kama laki mbili na elfu kumi na nne kwa jimbo zima. Matt Bevin akapata 70,480. James Comer akapata 70,397. Tofauti kura 83. Zikakaguliwa upya, zikabaki 83. Novemba Bevin akachaguliwa gavana wa jimbo lenye watu zaidi ya milioni nne. Kura 83 ni jengo moja la ghorofa pale unapokaa. Jengo zima la watu waliojiandikisha "Independent" kwa kuchukia siasa siku ile hawakupewa hata karatasi yenye majina hayo, na miaka minne iliyofuata walikuwa wakimlalamikia gavana kila Jumapili baada ya ibada.

Na hapo ndipo hao wawili wabovu unaowaona Novemba wanapotoka. Unalalamika kwamba kila uchaguzi unaletewa wagombea wawili, huyu hafai na yule hafai. Wameletwa na nani? Na wachache waliojitokeza Mei, wengi wao watu wazima wenye muda na wenye msimamo mkali wa chama. Mgombea anajua nani atakuja Mei, kwa hiyo anaongea lugha yao. Wewe humo kwenye orodha yake, hakupigii simu, hagongi mlango wako. Ukae mwaka mzima ukisema hawakusikilizi.

Haya, chama gani? Mimi sikuchagulii, na usimruhusu mtu yeyote hapa jukwaani akuchagulie. Lakini fanya hesabu hii, maana kwa Louisville ina mkanganyo wake. Nafasi za jimbo zima, kama seneta, uzito wake uko kwenye mchujo wa Republican. Mbunge wa Washington wa eneo lenu, wilaya ya 3, kiti hicho Democrat wamekishika tangu 2007, kwanza John Yarmuth, sasa Morgan McGarvey, kwa hiyo uzito wake uko kwenye mchujo wa Democrat. Bunge la jimbo kule Frankfort inategemea mtaa: wilaya nyingi Novemba utakuta jina moja tu, upande wa pili haukuweka mtu, maana yake kila kitu kiliisha Mei. Kupata mchujo wa pande zote mbili kwa mwaka mmoja haiwezekani. Kwa hiyo jiulize ni kiti kipi kinagusa maisha yako zaidi, kisha angalia mchujo wa upande upi ndiyo unaokiamua. Andika hicho chama. Mapenzi hayahitajiki.

Maana hili ndilo linalowatisha watu wetu: wanadhani kuandika chama ni kula yamini. Hakuna kadi ya chama, hakuna ada, hakuna balozi wa nyumba kumi atakayekuja kukuuliza mbona hukuja mkutanoni. Novemba kura yako ni siri na unampa unayemtaka, hata kama daftari linasema kingine. Wazee wa mashariki ya jimbo hili, kule milimani kwenye makaa ya mawe, walibaki kwenye daftari kama Democrat miaka na miaka huku urais wakiwapa Republican. Kentucky imempa kila mgombea urais wa Republican tangu 2000, lakini Republican waliwapita Democrat kwa idadi ya walioandikishwa mwaka 2022 tu. Hao wazee si wanafiki. Walijua mchujo wa kaunti zao unaamuliwa wapi. Gharama pekee ya kweli ni kwamba kampeni zinaruhusiwa kuchukua orodha ya wapiga kura, kwa hiyo sanduku lako la barua litajaa vipeperushi. Vinafaa kuwashia mkaa.

Chama cha tatu, kwa ufupi. Novemba mpe kura yako yeyote, ni haki yako, wala usikubali kuitwa msaliti. Mwaka 2019, kwenye ugavana, Andy Beshear wa Democrat alimshinda huyohuyo Bevin kwa kura 5,136, na mgombea wa Libertarian, John Hicks, alikuwa na zaidi ya 28,000. Hao elfu ishirini na nane walionekana, kila mchambuzi aliwataja. Lakini kujiandikisha Libertarian au Green hakukupi mchujo wowote, kwa sababu sheria ya Kentucky inatoa mchujo kwa chama kilichopata angalau asilimia 20 ya kura za urais za jimbo katika uchaguzi uliopita. Ross Perot mwenyewe, tajiri aliyegombea urais bila chama, na fedha zake zote, 1992 alipata karibu asilimia 19 ya nchi nzima na hakuondoka na kura hata moja ya wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: hasira ipeleke kwenye karatasi ya Novemba ukitaka, lakini usiiandike kwenye fomu ya daftari. Na hiyo Novemba jihadhari na ule mduara wa juu kabisa kwenye karatasi, wa kupigia chama kizima kwa alama moja. Kentucky bado wanao. Mtu aliyechoka na vyama akiujaza kwa haraka, ameshakipa chama kimoja kila nafasi yenye vyama kwenye karatasi.

Jambo jingine, hili ni kwa wanaosoma kimya kimya: kama bado una grini kadi tu, fomu hii usiiguse, hata kama aliyekupa anatabasamu na kusema haina shida. Kujitangaza raia wakati si raia kunaweza kukufungia uraia na hata kukurudisha ulikotoka. Wale wenye ubao nje ya ukumbi hawatakuja kukutetea mahakamani.

Na kwa mama yako uliyesema ameapa pia lakini Kiingereza kinamsumbua: karatasi ya Kiswahili hakuna. Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za lugha nyingine inahusu Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa Marekani, hata kama mtaa wenu mzima unaongea Kiswahili. Lakini anaruhusiwa kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe amsaidie, wewe ukiwemo, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kituoni mtajaza fomu ya msaada na kuapa. Naye fomu yake ya daftari ni ya kwanza, kwa hiyo yote niliyoyasema juu yanamhusu. Kaa naye chini, mwambie hesabu ile ile, kisha achague mwenyewe.

Kura ya posta na zamu ya bohari wengine watakujibu. Mimi nimeshaandika kitabu hapa. Ila Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumanne hiyo vituo vya mapema vinafunguliwa bila kuulizwa sababu, kwa hiyo huenda zamu isikusumbue kabisa. Chukua kitambulisho chenye picha.

Ukimaliza kujaza, piga picha fomu kabla haijatoka mkononi mwako, hasa sehemu ya chama. Usimpe mtu wa njiani akupelekee. Ipeleke ofisi ya karani wa kaunti mwenyewe au jiandikishe kwenye govoteky.com. Baada ya siku chache rudi kwenye tovuti hiyohiyo, ingiza jina na tarehe ya kuzaliwa, usome mstari wa chama, maana makarani nao hubofya vibaya. Ukikuta kimeandikwa tofauti na picha yako, nenda ofisini na simu mkononi wiki hiyohiyo, usingoje Aprili 20. Wakikuambia kitajirekebisha, usiondoke dirishani mpaka wamekionyesha kimerekebishwa kwenye skrini.